Kwa Nini Kipanya Huchelewa Kikiwa na Wenzake

Wasikilizaji wangu, mazungumzo ya leo yanatoka sokoni Kibuye, mjini Kisumu, na jambo lenyewe ni ugomvi ambao, ijapokuwa ni mdogo kwa sura yake, huwaharibia watu wawili siku nzima, na aghalabu huvunja uaminifu baina ya muuzaji na mnunuzi uliochukua miaka kujengeka.

Ugomvi huo huzaliwa hivi. Mtu hufika Kibuye siku ya Jumapili, ambayo ndiyo siku kuu ya soko hilo lililo kando ya barabara iendayo Kakamega, akapita kwenye marundo ya mitumba, akapita kwenye vitanda na makabati ambayo vanishi yake haijakauka, hata akafika kwenye meza iliyopangwa kibodi, vipanya, spika ndogo na chaja za kila namna, vingine vipya na vingine vilivyokwisha kutumika ng'ambo. Akachagua kipanya kisicho na waya, na muuzaji, kwa desturi njema ya soko, akakijaribu mbele ya macho yake: akachomeka kipokezi chake kidogo katika kompyuta iliyopo mezani, akasogeza mkono, na mshale juu ya kioo ukaenda pale ulipotakiwa kwenda. Bei ikapatanwa, fedha zikatolewa, mtu akaenda zake. Kesho yake anarudi amefura. Kipanya kile, nyumbani kwake, kinasuasua. Mshale husimama kisha huruka. Na kibodi aliyokuwa nayo tangu zamani, ambayo haikuwahi kumsumbua, nayo imeanza kumeza herufi. Muuzaji anakipokea kipanya, anakichomeka palepale alipokichomeka jana, nacho kinakwenda bila kasoro. Basi mnunuzi humwita muuzaji laghai, na muuzaji humdhania mnunuzi kuwa ni mtu anayetafuta njia ya kurudishiwa fedha zake baada ya kuharibu mali.

Dhamira yangu jioni hii ni kuwatetea wote wawili, maana wote wawili husema kweli. Kipanya kilijaribiwa peke yake, kikaenda kutumika pamoja na wenzake, na mwendo wa kitu kilicho peke yake hauwezi kuwa ushahidi wa mwendo wake katika mkusanyiko. Kosa linalotafutwa ndani ya kipanya, na baadaye ndani ya kibodi, aghalabu liko baina ya vifaa hivyo viwili, katika hewa vinayoshirikiana, mahali ambapo jicho halioni kitu cha kulaumu.

Sauti hii mnayoisikia inasafiri juu ya masafa yaliyotengwa. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya huvipa vituo vya redio leseni, kila kimoja na nafasi yake baina ya megahezi 87.5 na 108, wala kituo kingine cha jirani hakiruhusiwi kusimama juu ya nafasi hiyo. Ndiyo sababu maneno yangu yanawafikia bila ya kugombana na maneno ya mtu. Vifaa vya kompyuta visivyo na waya havikupewa heshima hiyo. Takriban vyote vimekusanywa katika ukanda mmoja mwembamba uanzao megahezi 2400 na kuishia 2483.5, ambao asili yake haikuwa mawasiliano hata kidogo. Mwaka 1947, mkutano wa kimataifa wa redio uliofanyika Atlantic City, nchini Marekani, uliyatenga masafa yaliyo jirani na megahezi 2450 kwa ajili ya mitambo ya viwanda, ya sayansi na ya utabibu, yaani mashine zinazotumia mawimbi kwa kazi nyingine zisizokuwa za kupeleka habari, mathalani kupasha vitu joto. Na atakayeingia humo kwa nia ya kuzungumza ilimpasa avumilie kelele atakazozikuta. Mwaka 1985 Marekani iliruhusu vyombo vya mawasiliano kuingia humo bila ya leseni, ilimradi vifuate masharti ya namna ya kutawanya mawimbi yao, nchi nyingine zikafuata, na tangu hapo kila mwenye bidhaa ameingia: Wi-Fi, Bluetooth, vipanya na kibodi zenye vipokezi vyao, spika, michezo ya watoto, na juu ya hayo yote jiko la maikrowevu, ambalo ndilo lenye haki ya ukongwe mahali hapo.

Atakaye kuufahamu ukanda huo, na asimame katikati ya Kibuye saa nne ya asubuhi ya Jumapili. Hapana anayemzuia mtu kunadi bidhaa yake. Mmoja amerekodi sauti yake ndani ya kipaza sauti, inajirudia tangu alfajiri hata magharibi. Wa pili anaita kwa koo lake mwenyewe. Wa tatu anatembea na bidhaa mkononi, akisema na huyu neno moja na yule neno moja, kisha akasogea. Kila mmoja angesikika vizuri kama angekuwa peke yake. Pamoja, mnunuzi aliyeulizia bei ya sufuria humbidi aulize mara ya pili na mara ya tatu, na muuzaji humbidi ajibu mara ya pili na mara ya tatu, na biashara ambayo ingekwisha kwa dakika moja ikachukua tano, ijapokuwa hakuna hata mmoja kati yao aliyesema polepole.

Hivyo ndivyo kipanya kinavyochelewa. Watu wengi hudhani kwamba ujumbe wake husafiri taratibu, ilhali mawimbi ya redio huenda kwa mwendo wa nuru, kilomita 300,000 kwa sekunde, na umbali wa kutoka mkononi hadi kwenye kompyuta si kitu mbele ya mwendo huo. Kinachokula wakati ni kurudia na kungoja zamu. Kipanya cha kawaida hupeleka habari zake mara 125 kila sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 8. Habari isipofika, au ikifika imechafuliwa na kelele, hupelekwa tena, na ikichafuliwa tena hupelekwa tena. Zikipotea moja mbili, mkono wa binadamu hauhisi. Zikipotea kumi na mbili mfululizo, imepita takriban sehemu ya kumi ya sekunde, na hapo mkono huhisi kwamba umetangulia na jicho limebaki nyuma, naye mwenye mkono huanza kukipiga kipanya juu ya meza, kana kwamba kimelala.

Insafu yanitaka niseme kwamba waliovitengeneza vyombo hivi hawakuviacha vitupu mbele ya rabsha hiyo. Wi-Fi husikiliza kwanza kabla ya kunena, ila ikishanena huchukua nafasi kubwa, kiasi cha megahezi 20 kwa wakati mmoja, hata ukanda mzima hauwezi kuweka zaidi ya mikondo mitatu isiyokanyagana, nayo ni ule wa 1, wa 6 na wa 11. Bluetooth, ambayo kampuni za Ericsson, IBM, Intel, Nokia na Toshiba ziliungana mwaka 1998 kuieneza, ilichagua njia ya yule mchuuzi atembeaye: iliugawa ukanda katika vijia 79, na katika umbo lake la awali huruka kutoka kijia hadi kijia mara 1600 kwa sekunde, ili kelele ikiwa hapa, neno la pili lisemewe kule. Fikira ya kurukaruka namna hiyo ni kongwe kuliko kompyuta za mezani. Mwaka 1942 mwigizaji wa sinema Hedy Lamarr, mzaliwa wa Vienna, pamoja na mtunzi wa muziki George Antheil, walipewa hataza nchini Marekani kwa njia ya kuongoza kombora la baharini kwa redio isiyoweza kuzuiwa na adui, ikiruka baina ya masafa 88, idadi ileile ya vibonyezo vya piano. Na tangu mwaka 2003 Bluetooth ilifundishwa hikima ya ziada: huvikumbuka vijia vyenye kelele ikaviepuka. Walakini hikima hiyo ina mpaka. Vijia vyote vikiwa vimejaa, hakuna pa kukimbilia.

Kuna adui mwingine asiyejulikana na wengi, naye hana hata nia ya kuzungumza. Nilimshuhudia kazini mwake katika chumba kimoja cha huduma za kompyuta, kile tulichozoea kukiita saiba, hatua chache kutoka sokoni. Kijana mwenye kazi alikuwa na mambo mawili mkononi: kwenye diski ya nje alikuwa akimnakilia mteja mmoja video za harusi, na papo hapo alikuwa akimjazia mama mmoja fomu ya serikali, mama mwenyewe ameketi pembeni, kitambulisho mkononi, akikazia macho kila herufi ya jina lake isije ikakosewa. Jina likawa linaandikika nusu. Herufi moja inafika, mbili hazifiki, kisha moja inajirudia mara nne.

"Mama, nivumilie kidogo," kijana akasema, "mausi na kibodi zimegoma."

Akabadilisha betri. Akafuta tumbo la kipanya kwa shati lake. Mteja wa video akasema kwamba ni mtandao wa siku hiyo, jambo lisiloweza kuwa, kwani kipanya na kibodi havihitaji mtandao wowote wa simu. Kisha video zikamalizika kunakiliwa, na dakika ileile kila kitu kikatulia, herufi zikaja kama mvua.

Nikamwuliza, "Kijana wangu, diski hiyo uliichomeka wapi?"

"Hapa, mzee, kando ya hiki kipokezi. Hili la buluu ndilo tundu la haraka."

Jawabu lote lilikuwa katika maneno hayo. Tundu la haraka, ambalo mara nyingi ulimi wake wa ndani ni wa rangi ya buluu, ni USB ya namna ya 3.0, ipitishayo habari kwa kasi ya gigabiti 5 kwa sekunde. Na mkondo wa umeme unaobadilika kwa kasi hiyo hutoa, pasipo kukusudia, kelele ya redio iliyoenea juu ya masafa mengi, ukiwemo ukanda wetu wa megahezi 2400. Kelele hiyo huvuja kwenye tundu, kwenye waya na kwenye gamba la diski, hususan waya ukiwa wa bei nafuu usiokingwa vizuri. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilitoa waraka wa kitaalamu unaoeleza jambo hili waziwazi, ukionyesha jinsi kipanya kisicho na waya kinavyoanza kusuasua diski ya namna hiyo ikiwa karibu na kipokezi chake. Ajabu yake ni kwamba diski isiponakili kitu, kelele hupungua. Ndiyo maana ugonjwa huja na kuondoka, na mwenye kompyuta akadhani ameuponya kwa betri mpya, kumbe ni kazi ya kunakili tu iliyokwisha.

Tulihamisha kipokezi upande wa pili wa kompyuta, na baadaye kijana akakiunga kwenye waya mfupi wa kurefushia USB, kikawa juu ya meza, shibiri mbili mbali na diski, karibu na mkono wake. Akaanzisha tena kunakili, kipanya kikaenda, na mama yule akaliona jina lake limetimia. Waya wa namna hiyo ni kitu kidogo sana kwa bei, nami ningependa kila muuzaji wa vipanya pale Kibuye auweke mezani kando ya vipanya vyenyewe. Wale wenye kompyuta kubwa za kusimama wana haja nao zaidi, kwa kuwa wao huchomeka kipokezi nyuma ya sanduku la chuma, chini ya meza, karibu na ukuta, kisha wakataraji wimbi dhaifu lipenye chuma, na meza, na miguu yao wenyewe. Na mwili wa binadamu, madhali sehemu kubwa yake ni maji, huyanyonya mawimbi ya ukanda huu.

Hali ya pili ni ya wanafunzi, na nimeletewa malalamiko yake na vijana wa vyuo vyetu wanaosoma kwa njia ya mtandao. Kijana ana kipakatalishi chenye Wi-Fi na Bluetooth, kipanya chake ni cha Bluetooth, na hedifoni zake ni za Bluetooth. Akisikiliza muhadhara, mambo ni mazuri. Mhadhiri akimwita jina na kipaza sauti cha hedifoni kikafunguka, sauti yote hugeuka ikawa kama ya simu ya zamani, na kipanya kikaanza kukokota. Vifaa vyake vyote ni vizima. Katika kompyuta nyingi Wi-Fi na Bluetooth hukaa ndani ya chipu moja, na pengine huazimana antena moja, kwa hiyo mmoja akisema mwingine hunyamaza. Bluetooth yenyewe huwahudumia wote walioungana nayo kwa zamu, na katika Bluetooth ya asili zamu moja ni mikrosekunde 625. Sauti inayokwenda na kurudi kwa wakati mmoja hudai zamu zake bila kukosa, maana neno la mazungumzo halingoji, na kipanya hupewa zilizobaki. Hapo dawa ya kwanza ni kumpunguzia Bluetooth mzigo: tumia hedifoni kwa kusikiliza tu, na kwa kusema tumia kipaza sauti cha kompyuta yenyewe, jambo linalochaguliwa katika mipangilio ya sauti. Dawa ya pili, nayo ina nguvu zaidi, ni kuihamisha Wi-Fi kwenye masafa ya gigahezi 5, ambayo ruta nyingi za siku hizi na simu nyingi wanazozitumia kugawa intaneti zinayo, lakini hayachaguliwi mpaka mtu ayachague. Masafa hayo hayapenyi kuta vizuri kama yale ya chini, basi mwenye ruta chumba cha tatu huenda asinufaike. Kwake yeye, waya wa mtandao kutoka ruta hadi kompyuta ungemaliza shauri.

Nisisahau sauti inayochelewa nyuma ya picha, kwa sababu watu huichanganya na haya ambayo nimeyasimulia, na tiba yake haifanani. Spika ya Bluetooth hupokea sauti iliyofungwa, huifungua, na huweka akiba kidogo kabla ya kuitoa, ili kipande kimoja kikipotea njiani msikilizaji asisikie pengo. Akiba hiyo hufikia sehemu moja au mbili za kumi za sekunde, nayo ipo hata mahali penye utulivu kamili. Kwa muziki haidhuru. Kwa sinema, kompyuta yenye programu nzuri huichelewesha picha ili iende sambamba na sauti. Lakini nimeona katika ibada na katika misiba ya huku kwetu watu wakiweka spika mbili za makampuni mawili, moja mbele ya hema na moja nyuma, wakitaraji zisemezane; na kwa kuwa kila moja ina akiba ya kiasi chake, maneno ya mhubiri au ya mzee wa ukoo yanamuaga marehemu mara mbili, la pili likikanyaga la kwanza, na waliokaa katikati ya hema hawapati hata moja. Jambo hilo huniumiza, maana mtu huagwa mara moja tu. Palipo na mazishi, arusi au ibada, sauti na ipite kwenye waya. Na pasipowezekana, basi spika ziwe za namna moja, zilizotengenezwa ziungane zenyewe kwa zenyewe.

Mafundi wa jua kali wa Kibuye hulaumiwa bure katika habari hii. Cheche za kuchomelea vyuma hutoa kelele ya redio, ni kweli, ila nguvu zake nyingi ziko masafa ya chini, na anayestahiki kulalamika ni mwenye redio ya masafa ya kati kuliko mwenye kipanya. Mabati ndiyo yenye lawama kubwa zaidi. Kibanda kilichozungushiwa mabati pande tatu huyarudisha mawimbi ndani kama kioo kinavyorudisha nuru, wimbi likajikuta linapambana na kivuli chake, na kusogeza kompyuta au ruta hatua moja tu kwaweza kugeuza hali. Maikrowevu ya hoteli ya jirani ni tatizo la kweli ikiwa ukuta ni mmoja, nayo hujulikana kwa saa zake: kipanya kinachokwama wakati wa chakula cha mchana, chakula kikaliwa kikapona, kimejieleza chenyewe.

Sasa tuje kwenye namna ya kuutafuta ugonjwa, ambayo kwa rai yangu ina mwanzo mmoja tu wa haki, nao ni kuazima kipanya chenye waya. Kichomeke, fanya kazi ileile iliyokuwa ikikukwamisha. Ikiwa nacho kinasuasua, waache wasio na waya. Kompyuta yenyewe imeelemewa, kumbukumbu yake imejaa au diski yake imechoka, na hutaponya hilo kwa kununua vipanya. Ikiwa chenye waya chaenda vizuri, zima vyote vilivyobaki: Bluetooth, Wi-Fi, spika, diski ya nje, na simu inayogawa intaneti iliyo kando ya kompyuta. Kiache kipanya kisicho na waya peke yake na betri mpya, juu ya karatasi nyeupe au kitambaa, kwani meza ya kioo hukipofusha kipanya kinachotumia mwanga na watu wakaita hilo kuchelewa. Kikienda sawa, warudishe wenzake mmoja mmoja, ukikaa na kila mmoja muda wa kutosha wa kufanya kazi ya kweli: nakili faili, cheza wimbo, fungua video. Siku atakaporudi mmoja na ugonjwa ukarudi naye, umewapata wawili wasiopatana. Usimfukuze upesi. Watenge kwanza, kwa shibiri mbili au kwa upande wa pili wa kompyuta; mmoja kama ni ruta, mbadilishie mkondo au mpeleke gigahezi 5; vipokezi viwili vikiwa vimebanana tundu kwa tundu, viachanishe; na ikiwa kibodi na kipanya ni vya kampuni moja inayoruhusu kipokezi kimoja kuhudumia vyote viwili, ondoa cha pili kabisa. Zaidi ya hayo kuna kifaa kinacholala ili kuhifadhi betri, ambacho mguso wa kwanza huupoteza na wa pili kuupokea, na kuna kompyuta inayokinyima kipokezi umeme kwa ajili ya kubana matumizi; hilo la mwisho huondolewa katika mipangilio ya umeme ya tundu la USB, na fundi yeyote wa kompyuta hulijua.

Kwa wauzaji wa Kibuye nina ombi. Mnapomjaribishia mtu kipanya, mwulizeni nyumbani ana nini: ana kibodi ya namna gani, anatumia diski ya nje, intaneti yake ni ya ruta au ya simu. Kisha kijaribuni mbele yake katika mkusanyiko kama huo. Spika ya Bluetooth hamkosi mezani, diski hamkosi, simu kila mtu anayo. Jaribio hilo litachukua muda mrefu kuliko lile la kusogeza mshale mara mbili, lakini litawaepusha na mtu wa Jumatatu asubuhi. Nanyi wanunuzi, mkumbuke kwamba soko lenyewe siku ya Jumapili ni mahali pagumu kwa kifaa kisicho na waya, pamoja na simu zote zilizomo mifukoni mwa umati ule. Kipanya kikijikwaa kidogo pale mezani, huenda kisijikwae sebuleni kwako, basi usikitupe kabla ya kukijaribu pembeni.

Na kwa kuwa nimewatetea muuzaji na kipanya kwa kirefu, haki ya mnunuzi nayo isipotee. Vibovu vipo. Kifaa kikijaribiwa katika kompyuta mbili zilizo mbalimbali, mbali na soko, betri mpya ndani yake, kipokezi mbele yake pasipo kizuizi, Wi-Fi na Bluetooth zimezimwa na diski zimechomolewa, na bado kikasuasua, hapo hakuna wa kusingiziwa tena: antena yake ni dhaifu au jicho lake limekufa. Mnunuzi akirudi na ushahidi wa namna hiyo, muuzaji ambadilishie au amrudishie fedha zake, na kipanya kile kilichorudi kisiwekwe tena mezani kumngojea mtu wa Jumapili ijayo.